Afande, Kiti Bado Kinaupa Mlango Mgongo

Spånga, Jumapili

Afande,

Hukupenda mtu aanze na salamu ndefu. "Anza na tukio, Mwalimu," uliniambia miaka yote hiyo, "afya za watoto tutaulizana baadaye." Basi tukio ni hili: friji ya aiskrimu haikuwekwa kwenye kona yako. Papa Dezire ameisukuma hadi karibu na mlango wa choo cha mkahawa wake, na anasema watoto wa Hallonbergen wataifuata aiskrimu hata akiiweka juu ya paa.

Nitakueleza ilivyofika hapo. Tangu tukuzike theluji imeanguka na kuyeyuka, na jana niliona watu wamekaa nje wamefumba macho, wakiota jua kama mijusi. Uliwacheka kila mwaka, kisha ukavua koti ukajiunga nao.

Na kuna jambo la pili. Binti yako Amoding ameanza kuniuliza habari zako za zamani, zile ulizozikunja ukazitia mfukoni. Kabla sijampa, nakusomea wewe kwanza, kama ulivyomsomea kila mtu aliyekupa maelezo. Ukiona nimeongeza chumvi, ujue ni uzee.

Mazishi yako yalijaa. Waganda wa kanisani walikaa mbele, sisi Waislamu tukapewa safu mbili za kati, na vijana waliozaliwa huku wakasimama nyuma wakinong'onezana Kiswidi. Yule mama wa chama pinzani alikuja pia. Nilikuwa simfahamu ila kwa simulizi zako: Bunge la huku huwakalisha watu kwa majimbo yao, si kwa vyama, kwa hiyo mtu unayempinga jukwaani ndiye unayemwazima kalamu. Alikaa karibu nami akanipa peremende nyeusi ya chumvi, ile mliyokuwa mkigawana bajeti inaposomwa. Niliitafuna mpaka machozi yakanitoka, na sijui yalikuwa ya peremende au yako.

Akanieleza jambo ambalo wewe hukuwahi kunitamkia. Siku ya hotuba yako ya kwanza ulipanda jukwaani, ukamgeukia spika, ukabana visigino, ukampigia saluti. Spika hakujua la kufanya, akainama kidogo kama anayepokea zawadi. Yule mama alisema siku ile ndipo alipoamua kukupenda, na jioni ileile akapiga kura kinyume chako. Nilicheka palepale kanisani, Afande. Mchungaji aliniangalia, nikajifanya nakohoa.

Ningeachaje kucheka? Nilikujua kabla ya Bunge, kabla ya kura, tulipokuwa wanafunzi wa Kiswidi katika darasa moja lenye baridi. Mimi nilizaliwa Jinja nikasomea Dar es Salaam, nikafika huku na Kiswahili changu cha chuo. Wewe ulifika na Kiswahili cha kambi ya polisi, kinachotembea kwa buti. Nikikusahihisha, ulisema changu kimepigwa pasi mno, mtu anaogopa kukikalia.

Amoding anataka kujua kwa nini uliondoka Uganda. Nitamwambia hivi. Ulikuwa inspekta kijana katika mji mdogo upande wa mashariki, miaka ya sabini, wakati wanajeshi walipokuwa wakiingia kituoni bila kubisha. Sajini mzee aliyekufundisha kazi alikuwa na sheria moja: maelezo ya mtu asiyejua kusoma husomwa kwa sauti, kwa lugha yake, kabla kidole chake hakijaguswa na wino. Siku moja ukaletewa karatasi iliyokwisha kuandikwa, pamoja na mkulima wa kuiwekea dole gumba. Hukubishana. Ulifanya ulivyofundishwa, ukamsomea. Mkulima akasema kwa sauti kwamba yeye hayo hakuyasema. Wanajeshi walisikia, makonstebo walisikia, na waliokuja kuwaona mahabusu walisikia. Kesho yake asubuhi ulikuwa kwenye lori la pamba kuelekea mpaka wa Kenya, bila kofia.

Yaliyompata mkulima hukuyajua. Hilo ulinieleza mara moja tu, tukiwa kwenye treni, kisha ukageukia dirishani hadi Sundbyberg.

Ya huku nitamweleza kwa furaha zaidi. Ulianza kwa kusugua masufuria katika jiko la hospitali, halafu ukavalishwa sare ya mlinzi wa treni ya chini ya ardhi. Ukawekwa Hallonbergen, kwenye stesheni yenye michoro kama ya watoto ukutani. Walevi wa Ijumaa walikuita "Kamishna". Hukuwafukuza. Uliwauliza majina, walikotoka na walikokwenda, ukawarudishia maneno yao kwa utaratibu, neno baada ya neno, mpaka mtu akajisikia mwenyewe na kuona afadhali aende nyumbani.

Ukaingia chama cha wafanyakazi, kisha siasa za manispaa, na jina lako likawekwa chini kabisa ya orodha ya wagombea, mahali pa kuwekewa watu wa kupamba. Halafu taa za kuongozea magari zikazimika katika njia panda ya Sundbyberg, asubuhi, watu wakienda kazini. Magari yakafungana. Mimi nilikuwa kwenye basi nikichungulia. Nikamwona mtu mrefu mwenye koti la baridi amesimama katikati ya njia panda amevaa glovu nyeupe za kanisani za mkeo, mkono mmoja umeinuliwa, mwingine ukivuta magari kama kamba. Ulikuwa umetumwa kuzipeleka kwa dobi. Waswidi walikutii, Afande. Hakuna aliyekuuliza una mamlaka gani. Dereva wa basi letu alikupungia mkono ulipotupitisha, nawe hukupunga, kwa sababu askari wa trafiki hapungi.

Uchaguzi ulipofika, watu walitia alama kwenye jina la yule wa glovu. Wakuu wa chama walishangaa kukuta mtu wa chini ya orodha amepanda juu ya walimu na mawakili. Miaka michache baadaye ukapanda tena, hadi Bungeni, katika kamati ya sheria.

Wenzako wengi waliingia mle wakitaka kubadilisha dunia. Wewe ulitaka sentensi moja: kwamba shahidi anayehojiwa kupitia mkalimani asomewe maelezo yake kwa sauti, kwa lugha yake, kabla hajayakubali. Kila mwaka uliwasilisha hoja hiyohiyo, na kila mwaka walikujibu kwa adabu kwamba jambo hilo tayari linazingatiwa. Ulikuwa unabadilisha tarehe tu. Nilikushauri uipambe kidogo, uweke mifano, uguse mioyo. Ukasema maelezo hayapambwi.

Siku hoja ilipopita, ikiwa imefichwa katikati ya ripoti ndefu ya mambo mengine, ulinipigia simu kutoka kwenye ngazi za Bunge. Hukusema umeshinda. Ulinisomea ile sentensi polepole ukaniuliza kama ina kosa. Nilikwambia Kiswidi chake ni kizuri kuliko Kiswahili chako. Ulicheka, halafu ukaisoma tena, polepole zaidi. Nadhani ulikuwa kwenye lori la pamba tena.

Ulipostaafu tulidhani utapumzika. Badala yake ukamwomba Papa Dezire meza ya kona katika mkahawa wake, kila Jumamosi, ukaiita Kaunta, kama ile ya kituo cha polisi ambapo mtu hufika kuripoti. Mwenye barua asiyoielewa, mwenye ugomvi na mwenye nyumba, aliyenyimwa kazi kwa sababu ya jina, wote waje. Wiki za mwanzo hawakuja. Ulikaa pale umeegemea ukuta, macho mlangoni, umenyoa vizuri, na watu wakakuamkia kwa mbali wakaenda kununua sambusa. Ukalalamika kwangu kwamba jamii yetu haina mwamko.

Mpaka alipokuja Nalongo. Mama wa watu, kavaa gomesi yake, lile gauni la Kiganda, chini ya koti la theluji, akasimama karibu na mlango mpaka chai yake ikapoa mkononi. Ulimkaribisha kiti mara ngapi sijui. Mwishowe akasogea, akashika mgongo wa kiti, akasema kwa upole kama anayeomba radhi:

"Afande, mimi hapo siwezi kukaa. Mara ya mwisho nilikaa hivyo mbele ya polisi, mlango uko nyuma yangu, na walioingia waliondoka na mume wangu."

Mimi nilikuwa meza ya pili. Nilikuona ukiinuka. Hukumpa pole, hukumweleza kwamba wewe ulikuwa polisi wa namna nyingine. Ulizunguka meza, ukamwachia kiti cha ukutani, ukakaa wewe upande ule mwingine, mlango mgongoni mwako. Naye akakaa, akauangalia mlango mpaka akauzoea, akaanza kusema.

Ni mimi tu niliyejua kilichokugharimu. Mtu ambaye katika kila harusi, kila mkutano, hata katika sebule yangu Spånga, alichagua kiti kinachotazama mlango! Uliwahi kuniambia kwamba Bungeni milango ilikuwa nyuma yenu, na kwamba mwezi wa kwanza shati lako lililowa kila siku. Kisha ukaongeza kwamba nchi ambayo wabunge wake wanaupa mlango mgongo bila hata kugundua ni nchi iliyolala vizuri. Tangu siku ya Nalongo, kila Jumamosi shingo yako ilikaza kama kamba ya hema na mkono wako ukaisugua chini ya meza, lakini kiti hukukigeuza. Na Kaunta ikajaa. Papa Dezire alilazimika kununua vikombe vingine.

Sasa nikuambie ya baada yako.

Papa Dezire aliiacha meza wazi, na kikombe chako juu yake kikiwa kimefunikwa na kisahani. Majira yote ya baridi watu walifika, wakaitazama, wakaondoka. Mwishoni yeye mwenyewe akaniita kando.

"Batu banaingia, banaangalia ile kona, banatoka," aliniambia kwa Kiswahili chake cha Kikongo. "Meza yenyewe hainywi kahawa, Mwalimu."

Alikuwa ameagiza friji ya aiskrimu kwa ajili ya majira ya joto. Ikifika na kona bado haina mtu, itakaa pale. Hakusema kwa ubaya, ana kodi ya kulipa. Lakini nilirudi nyumbani nikiona kwamba safari hii utazikwa kabisa.

Kwa hiyo nilikaa mimi. Usicheke. Nilikaa kwenye kiti chako, mlango mgongoni, nikiwa nimejiandaa vizuri. Kijana mmoja wa Kikongo alinieleza habari za mwajiri wake nami nikamsahihisha mara tatu kabla hajafika kwenye shida. Mama mmoja wa Bujumbura alinisikiliza kwa heshima zote, kisha akasema, "Mwalimu, nimekuja na bomba la maji linalovuja, sikuja kufanya mtihani." Wakaenda wakasimulia, na Jumamosi iliyofuata nilikunywa chai peke yangu.

Nikampigia Amoding. Unavyomjua, unamuuliza kwa Kiswahili anajibu kwa Kiswidi, na mnaelewana vizuri kuliko wanaotumia lugha moja. Alikataa. Alisema yeye ni polisi kazini, huko Alby, na polisi hawezi kukaa mkahawani akipokea shida za watu kama anapokea maagizo ya keki. Alisema watu watamwogopa. Kisha akatoa lililokuwa moyoni: chama chako kilikuwa kimempigia simu tayari kuuliza kama jina lake liingizwe kwenye orodha ya wagombea, na amechoka na kila mtu kumpima koti la Baba. Koti lenyewe lilikuwa kubwa hata kwako, ila wewe ulikuwa unalikunja mikono.

Jana friji ikaja. Ilikuwa imesimama mlangoni na magurudumu yake, nyeupe, imebandikwa picha za jordgubbar, yaani stroberi, na Papa Dezire alikuwa anatafuta kitambaa cha kuifutia ile meza kwa mara ya mwisho. Amoding alifika wakati huohuo, na suruali ya jinzi, kuchukua kikombe chako na chupa yako ya chai. Tulikumbatiana. Akainusa ile chupa, akasema bado ina tangawizi.

Ndipo akaingia Haji Kasule, yule fundi cherehani mstaafu wa Alby. Majira yote ya baridi alikuwa kwa wanawe Masaka, hakuwa na habari ya msiba. Alikuja moja kwa moja kwako. Tulipomwambia, alivua kofia, akasoma dua yake kimya, akatupa pole sote, kisha akaanza kufunga vifungo vya koti. Nikamuuliza alichokuja nacho. Akasema ni kitu kidogo tu: aliona vijana wakipigana chini ya jengo lao, na sasa polisi wanataka aende kutoa ushahidi. Hakulala tangu alipopata wito. Alitaka Afande amwambie kama jina la mtu likishaandikwa kule linatoka tena.

Papa Dezire, mdomo wake unaujua, akasema kwa fahari kwamba huyu hapa ni binti wa Commandant na yeye mwenyewe ni polisi. Haji akafunga kifungo cha juu kabisa.

Amoding alivuta kiti akakaa. Alikaa ukutani, macho mlangoni, vilevile kama wewe wiki zile za mwanzo, kwa sababu ndivyo wanavyofundishwa hata huku. Akamwonyesha Haji kiti cha pili. Haji akaweka mkono juu ya mgongo wa kiti. Hakukaa. Akageuka akautazama mlango.

Nilifungua mdomo niseme. Habari za Nalongo Amoding hazijui, hukumwambia, na mimi nilikuwa sijamwambia. Papa Dezire akanikanyaga mguu. Alinikanyaga kweli, mpaka leo kidole kimevimba.

Amoding alimtazama Haji. Akautazama mlango, akakitazama kile kiti. Kisha akainuka, akazunguka meza, akasimama upande wa pili.

"Kaa huku, Haji," akasema, kwa Kiswahili. "Huku utaona nani anaingia."

Na yeye akakaa mahali pako, mlango mgongoni.

Afande, sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akisema sentensi mbili za Kiswahili mfululizo. Haji alikaa. Alieleza yote, ugomvi, koti la kijana aliyekimbia, hofu yake. Amoding hakumkatiza. Alipomaliza, alimrudishia maneno yake yote kwa Kiswahili kilichochanika hapa na pale, nami niliuma ulimi nikanyamaza, naomba hilo liandikwe. Mwishoni akasema maneno yako, yale uliyomalizia nayo kila Jumamosi.

"Nisahihishe nikikosea."

Haji akamsahihisha: lile koti lilikuwa la bluu, si jeusi. Akasahihisha kwa sauti kubwa kabisa, na nikaona mabega yake yakishuka. Amoding akamwambia si yeye atakayemhoji, lakini yeyote atakayemhoji analazimika kumsomea maelezo yake kwa lugha yake kabla hajayakubali. Hiyo ni sheria. Haji akashangaa, akauliza nani aliyewafikiria watu kama yeye mpaka akaleta sheria hiyo.

"Mtu mmoja mkaidi," Amoding akasema.

Papa Dezire alianza kuifuta mashine ya kahawa iliyokuwa safi. Halafu akaenda akaishika friji kwa mikono miwili akaisukuma kuelekea chooni, magurudumu yakipiga kelele.

Haji alipoondoka nilimuuliza Amoding amejuaje kugeuza kiti. Alirudi kwenye Kiswidi chake: aliiona shingo ya Haji, akasema, na miaka yote amekuwa akiiona yako. Kisha akaisugua yake. Atakuja Jumamosi asizokuwa kazini, kusikiliza na kuwaelekeza watu panapohusika, bila beji. Kuhusu orodha ya chama, alijibu "vi får se", yaani tutaona. Aliposema hivyo alikuwa ameanza kunywa kutoka kwenye kikombe chako, kwa hiyo mimi nimeshaona.

Msalimie Mama Amoding, aliyekutangulia huko. Mwambie zile glovu anazo binti yake, na doa la grisi la siku ile ya njia panda bado liko kwenye kidole gumba. Lala salama, rafiki yangu, na huko uliko kaa unavyotaka, hapana mlango wa kuuchunga.

Ahadi yangu ni hii. Jumamosi ijayo nitapanda treni hadi Sundbyberg na basi hadi Hallonbergen, nitakaa meza ya pili, na mdomo wangu nitaufungua kwa ajili ya chai tu. Amoding atakapomaliza watu wake, nitamsomea barua hii kwa sauti, yote, pamoja na Nalongo na mkulima.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimeyasoma kwa sauti hapa dirishani, kwa Kiswahili kilichopigwa pasi, nimeyakubali. Kama kuna nilipokosea, Kaunta unajua ilipo.

Mwalimu wako,
Zaituni